Risasi za Friza

Hesterien Esterhuyse wa Sutherland alikuwa mbishi kupita kiasi, nami jirani yake nilimpenda kwa hilo. Kila Julai, kwetu mwezi wa baridi kali, yeye na kaka yake Gawie walishindania bunduki ya marehemu baba yao. Kibao cha chuma mita mia nne, risasi tatu kila mtu, na sharti uzijaze baruti kwa mkono wako kama mzee alivyofanya. Mshindi hukaa na bunduki mwaka mzima.

Mwaka juzi Hesterien aliaibika. Risasi zake alizijaza na kuzijaribu Januari, jua likichoma. Asubuhi ya shindano kulikuwa na barafu hadi kwenye ndoo, na zote tatu zikachimba vumbi chini ya kibao.

"Baruti ikipigwa baridi inakuwa mvivu, dada," Gawie akamcheka. "Risasi inashuka. Mimi huwa napandisha darubini ya bunduki kidogo, nilenge juu zaidi. Kwani baba hakukwambia?"

Hakumwambia. Siri hiyo mzee alimpa mtoto wa kiume peke yake, na hilo lilimuuma Hesterien kuliko kushindwa.

Basi Januari iliyofuata nikafungua friza yake kutafuta mbavu za kondoo, nikakuta risasi kwenye kopo la biskuti. Alizigandisha, akazibeba hadi bondeni ndani ya kasha la bia lililojaa barafu, akapiga, akasogeza darubini, akarudia. Wiki tatu nzima, na jasho likimtiririka. Nilidhani amerukwa na akili.

Julai ikafika. Kasha la risasi za Hesterien lililala nje juu ya gari, likawa jeupe kwa barafu. Gawie akapandisha darubini kama kawaida yake, akatangulia. Ya kwanza ikapita juu ya kibao. Ya pili juu. Ya tatu sijui ilikwenda wilaya gani.

"Na nilivyozihangaikia!" mkewe Truda akalalamika. "Tangu alfajiri nimezipakata risasi zake, na chupa ya maji moto juu yake, zisipate baridi."

Gawie akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini kwa kicheko.

Hesterien akalala kifudifudi. Kibao kikalia mara tatu, nami nikacheza kwenye barafu na umri wangu huu.

Alipoipakata bunduki machozi yalimtoka.

"Ni kweli, kaka," alisema, "baba hakuniambia. Nimeambiwa na friza."