Mvua ya Jumapili

Karani wa hali ya hewa wa wilaya alikuwa na mikono minene ya mkulima, lakini kipimajoto alikishika kama kifaranga. Miaka ile ya ujamaa, kila mwisho wa mwezi alipanda kwetu Mgwashi, na kabla hajaketi alikuwa ameshachungulia kipima mvua chetu uani mwa kanisa. Sauti yake ilikuwa ya chini, ila akifika kwenye neno wastani ilipanda. Vituo vingine vilisoma vipimo saa tatu asubuhi kila siku. Sisi tuliiacha Jumapili kwa ajili ya ibada, Jumatatu tukakisia. “Mkikisia, mzee, nitalinganishaje baridi yenu na joto la Mnazi kule tambarare?” alimwuliza Kornelio, mzee wa kanisa aliyetunza vipimo vyetu. “Jumapili ni ya Bwana, ndugu.” Karani alifuta miwani kwa ncha ya shati, kama kawaida yake akikataliwa. “Na mvua ya Jumapili, mzee, ni ya nani?”

Mwezi uliofuata ulianza Jumapili. Karani hakungoja mwisho wa mwezi; alikuja asubuhi hiyo, akaketi benchi la nyuma kanisani, akawa anafuta miwani isiyo na vumbi. Ilipotimu saa tatu, kwaya tukiwa katikati ya wimbo, mzee Kornelio alifunga kitabu, akatoka mvuani na koti lake jeusi. Dirishani tulimwona ameinama penye vipimo. Alirudi amelowa chapachapa, akamtazama karani, akamwitikia kwa kichwa. Yule mtu wa sauti ya chini akasimama, akaudaka ubeti wa mwisho kwa besi iliyotetemesha vioo, na kwaya nzima tukamfuata yeye.