Mwimo wa Kulia wa Mzee Wincenty

Saa mbili asubuhi, mwezi Novemba, Bogumiła Sadzik amepiga magoti mbele ya jiko la kuni la makumbusho, akipuliza moto unaogoma kuwaka. Moshi unamrudia usoni. Anakohoa, anatukana kwa sauti ya chini, kisha anacheka peke yake.

"Hili jiko lina kinyongo na mimi," anasema. "Watoto wanafika saa tatu. Wakikuta baridi, watakaa hapa wanawaza nyumbani tu."

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili vya iliyokuwa nyumba ya sala ya Wayahudi wa Zabrodzin, mji wetu mdogo wa mashariki mwa Poland. Kabla ya vita, nusu ya watu wa mji huu walikuwa Wayahudi. Novemba ya mwaka 1942 Wanazi waliwatoa majumbani, wakawasukuma kwenye treni ya kambi ya mauaji ya Treblinka, wakauawa huko. Nyumba zao zilibaki zimesimama. Waliohamia humo ni babu na bibi zetu, na hilo ndilo tusilopenda kuulizwa.

Kwa hiyo Bogumiła, mwenye umri wa miaka 59, hana marafiki wengi. Alikuwa mpishi wa shule. Jiko la shule lilipofungwa, halmashauri ikamkabidhi funguo za makumbusho, nusu mshahara, na kazi zote: kufagia, kuwasha moto, kupokea wageni na kueleza.

"Sokoni wananiita Mlinzi wa Wafu," anasema. "Mwenye bucha akiniona tu anauliza, 'Vipi, leo wamesemaje?' Namjibu, 'Wanauliza hiyo nyumba yako ulinunua kwa nani.' Basi, ananipimia mifupa mitupu."

Hata hivyo watu hao hao wanaomcheka huja kimyakimya. Mara kwa mara, akifika asubuhi, anakuta mfuko wa plastiki umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Ndani kuna kinara cha mishumaa, au kikombe cha fedha, na mwaka juzi alikuta cherehani nzima imeachwa kwenye ngazi. Hakuna mfuko uliowahi kuwa na jina. Anavisafisha vitu hivyo, anavipanga juu ya meza, na mbele ya kila kimoja anaweka kikaratasi chenye neno moja: Kimerudishwa.

Bogumiła haanzi kwa kuwaonyesha watoto wa shule picha za maiti.

"Ukimwonyesha mtoto maiti, anatazama pembeni. Na mimi ningetazama pembeni," anasema. "Mtoto mpe kidole chake kazi."

Kazi hiyo iko Mtaa wa Soko. Wayahudi hupigilia mezuza, kijaluba chembamba chenye maneno ya Torati, kwenye mwimo wa kulia wa mlango, kwa mshazari. Hapa kwetu mezuza ziling'olewa zote, lakini mbao zilibaki na makovu. Miaka tisa iliyopita Bogumiła alipoanza kuwatembeza watoto, mtaa huo ulikuwa na milango saba yenye kovu. Watu wakabadilisha milango, wakaweka ya plastiki isiyopitisha baridi. Ukabaki mlango mmoja, wa Wincenty Dubrawa, fundi viatu mstaafu wa miaka 84.

Kila mwaka mzee huyo aliruhusu watoto wapitishe vidole kwenye kovu. Yeye mwenyewe alijifungia jikoni mpaka waondoke. Hakuwahi kutamka lolote.

"Kovu hilo likitoweka, shule haiji tena," Bogumiła ananiambia tukiwa njiani, watoto wa darasa la tano wakituzunguka na makoti yao. "Mwalimu ameniambia wazi, vitu vya mezani vinawachosha. Shule isipokuja, nitakuwa nawasha moto wa kujipasha mwenyewe."

Tunakata kona, na mzee Wincenty amesimama nje. Amevaa shati jeupe. Anatabasamu. Bogumiła anapunguza mwendo.

"Bogusia! Njoo, njoo uone!" mzee anaita, akilifupisha jina la Bogumiła. "Nimekutengenezea!"

Mwimo unang'aa kama meza mpya.

"Nimepiga msasa, nikaziba kwa puti, nikapaka vanishi mara mbili," anasema. "Watoto wa watu wanakuja kila mwaka kushikashika ufa mchafu mlangoni kwangu! Jana nikasema hapana, hii ni aibu. Sasa washike kitu kizuri."

Bogumiła ameweka mkono mdomoni. Sijui alikuwa anazuia tusi au kilio. Mimi nilitaka kumkaripia yule mzee, nakiri, kisha nikaona mikono yake ilivyochubuka kwa msasa, nikashindwa.

"Mzee wangu," Bogumiła anasema polepole, "umefanya nini?"

"Kwani vibaya?"

Mvulana mmoja anacheka, mwalimu anamtolea macho. Uso wa mzee unabadilika kidogo kidogo, mpaka anaelewa. Anaingia ndani, anatoka na kisu kifupi cha kukatia soli, anaanza kuchokoa puti. Bogumiła anamshika mkono.

"Acha, mzee wangu. Ukichimba sasa, litakuwa shimo lako tu."

"Basi nifanye nini, mwanangu?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

Msichana mmoja, Kornelia, anainua mkono kama yuko darasani. "Sasa sisi tushike wapi?"

Mzee anageukia mwimo. Anapitisha kidole juu, anashuka, anapanda tena. Hapaoni. Maisha yake yote alikuwa fundi mzuri, na hapa pia amefanya kazi safi.

"Lilikuwa hapa," anasema. "Au hapa."

"Babu, lilikuwa nini?"

Nilidhani ataingia jikoni kwake kama kawaida. Hakuingia.

"La Wajnryb," anasema. "Mshona kofia. Nyumba hii ilikuwa yake na mkewe na watoto. Baba yangu ndiye aliyeing'oa ile mezuza. Kwa kisu hiki hiki." Anakitazama mkononi. "Mama alinisimulia kabla hajafa. Tulihamia siku ile ile waliyotolewa, jioni. Mimi nilikuwa mchanga. Walinilaza karibu na jiko kwa sababu lilikuwa bado lina joto."

"Nani aliliwasha?" Kornelia anauliza.

"Wao."

"Na wao walikuwa wapi?"

"Stesheni," mzee anasema. "Walikuwa bado wako stesheni, wanangoja treni. Baridi kama ya leo."

Mwalimu anavuta pua. Kornelia anasogea na kuweka kidole kwenye mwimo, mahali popote tu. Vanishi haijakauka vizuri. Anapoondoa kidole, alama yake inabaki.

"Samahani, babu," anasema, "nimeharibu."

Mzee anatikisa kichwa. Anaingia ndani, anafunga mlango taratibu.

Tuliporudi makumbusho tulikuta moto umezimika. Watoto walikaa na makoti yao na, kwa mara ya kwanza, anasema Bogumiła, hakuna aliyeuliza wataondoka saa ngapi.

Kesho yake asubuhi alinipigia simu niende. Mfuko wa plastiki ulikuwa umening'inia kwenye kitasa. Ndani mlikuwa na kisu cha kukatia soli, na kipande cha boksi la viatu kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi: Wincenty Dubrawa, Mtaa wa Soko.

Bogumiła amekiweka kisu mezani pamoja na vile vitu vingine. Kikaratasi chake bado kiko kitupu. Neno Kimerudishwa halifai, anasema, kwa sababu kisu ni cha akina Dubrawa wenyewe. Kwa sasa ameegemeza kile kipande cha boksi mbele yake.

"Sasa namngoja mwenye bucha alete chake, na jina lake," anasema, na safari hii hacheki.

Alhamisi darasa lingine linakuja. Amemwomba mzee asimame mlangoni aseme tena aliyoyasema. Mzee hajamjibu ndiyo wala hapana.

"Miaka tisa nimesema mimi, mpishi," Bogumiła anasema, akichomeka kuni. "Alhamisi nitawafikisha watoto pale, nitagonga, halafu nitanyamaza. Akifungua asiposema kitu, nitaendelea kunyamaza. Tutasimama hapo hapo kwenye baridi mpaka aseme."