Mfungo Wangu Nyumbani kwa Shangazi

Nilipopata likizo ya juma moja, jambo la kwanza nililofanya ni kufunga mdomo. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Kikula, mjini Likasi, na Kikula wakishajua una likizo, likizo si yako tena: huyu anataka umpeleke mgonjwa wake Lubumbashi, yule ana harusi na wapishi hawamtoshi. Basi nilimuaga mume wangu na watoto tu, nikatia kwenye mfuko vitenge, Biblia na mikate, nikapanda gari la Kapolowe kwenda kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba.

Nilikuwa na malengo yangu. Kulala mpaka nichoke kulala. Kusoma Injili ya Luka bila mtu kunigongea mlango. Na kufunga, kwa sababu sala zangu zilikuwa zimekauka. Nilikuwa napiga ishara ya msalaba huku akili inapanga zamu ya kesho, na jambo hilo lilinitisha. Niliamua mchana nisile kitu, jioni ninywe chai na mkate wangu mwenyewe, nisimtwishe mzee wa watu mzigo wa kunilisha. Nilijiona nina adabu kupita kiasi.

Shangazi anaishi peke yake. Alimzika mumewe, akawazika na watoto wake wote, na sasa analima mihogo na karanga. Siku niliyofika alinipikia bukari, ugali wetu huo, kwa samaki wa ziwani na matembele. Harufu peke yake ilikuwa majaribu.

“Aksanti, Shangazi, lakini niko nafunga,” nilimwambia. “Niko natafuta Mungu.”

“Hata kiloko, kidogo tu?”

“Hata kiloko.”

Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akaifunika. Jioni nilipotoa mkate wangu aliinuka akaenda kukaa nje. Nilidhani amechoka.

Kesho yake alipika tena, na samaki alikuwa mkubwa zaidi. Nikakataa tena, kwa upole wa kitawa. Nililala vizuri ajabu, Luka alikuwa anasonga mbele, na nilianza kujisifu moyoni, jambo ambalo si dalili nzuri kwa mtu anayefunga. Shangazi alikuwa hasemi ila neno la lazima. Nikajiambia uzee ndivyo ulivyo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja jembe, nilichukua ndoo nikaenda bombani. Jirani yetu, mama mwenye mtoto mgongoni, alisogea karibu akashusha sauti.

“Mama, weye uko munganga wa hospitali, uko na akili. Njo maana unakulaka mukate yako.”

“Mukate yangu iko na nini?”

“Hata weye wa familia unaogopa kukula kwake! Bantu beko nasema alimaliza bana yake na bulozi. Sasa tumejua ni kweli.”

Bulozi ni uchawi. Ndoo ilijaa ikamwagikia miguu yangu, nami nimesimama tu. Lisemwalo lipo, watu hupenda kusema. Methali hiyo naichukia, kwa sababu kituoni kwetu nimesafisha vidonda vya vikongwe waliofukuzwa makwao kwa mawe, na kila kimoja kilianza na lisemwalo. Na sasa mimi, mpwa wake, mtu wa sala, nilikuwa shahidi mkuu wa upande wao. Ningerudi Likasi nimeshiba Luka, na yeye angebaki na jina hilo.

“Nafunga,” nilimjibu yule mama. “Mungu anajua. Siogopi kitu.” Aliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mgonjwa anayeweweseka. Maneno yangu yalikuwa yamechelewa.

Nilimkuta shangazi jikoni anasonga bukari. Hakuwa ameacha kupika, ingawa hakuna aliyekula. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

“Shangazi, leo tukule inje. Pale mbele ya njia.”

“Na mufungo yako?”

“Mungu atanisamehe. Sikujua mambo bantu beko nasema. Nilikuwa nafunga kweli, haki ya Mungu.”

Aliketi kwenye kigoda, mwiko mkononi. “Minye nilisema, sasa hata damu ya kaka yangu inaniogopa,” alisema, akalia, na mimi nikalia, bukari ikaanza kuungua ndipo tukashtuka.

Tulitandika mkeka mahali ambapo kila mpita njia angetuona. Nilipobariki chakula sikuwaza zamu wala kesho. Nilimwomba Mungu kitu kimoja, na nilikitaka kweli, na sauti ilinitetemeka kama ya mtu anayesali mara ya kwanza. Kisha nikala kama mchimba kisima. Nilinyonya kichwa cha samaki kwa kelele. “Karibu! Kuya tukule!” niliwaita wapita njia, na wao, “Aksanti, tumeshiba,” wakakaza mwendo. Sijawahi kula na hasira namna ile, wala na raha namna ile.

Tukala hivyo kila mchana. Luka alibaki katikati. Shangazi alirudia ulimi wake mkali, akaanza kunisema kwamba mkono wangu unamaliza kitoweo, nami nilifurahi kusemwa. Siku moja mama wa bombani alisimama pembeni ya mkeka, akasalimu, akaulizia dawa ya kikohozi, akaulizia tena hiyo hiyo. Shangazi alimsogezea maji ya kunawa. Alinawa, akamega tonge moja, akala amesimama. Tulimwacha hivyo hivyo.

Jumapili ilikuwa ya kushukuru mavuno. Baada ya misa kila mama huweka sufuria yake kwenye meza ndefu uani mwa kanisa, watu wakajipakulia. Shangazi aliniambia asubuhi, huku akikoroga maharagwe, kwamba yake hurudi nyumbani imejaa kila mwaka, na kila mwaka hupika. Nilipakua wa kwanza, sahani ikafurika, nikala nimesimama pale pale mezani. Nyuma yangu akaja mama wa bombani. Alishika upawa, akasita, halafu akatia maharagwe kwenye sahani ya mtoto wake. Mtoto akala, akaomba tena. Wengine wakafuata.

Mimi nilikwenda kukaa ukutani na kusema asante kwa Mungu, bila mpangilio wowote, mpaka nikasikia shangazi ananiita kwa sauti ya ugomvi. Alikuwa ameinamisha sufuria ili nione ndani.

“Angalia bantu hawa! Balikula yote. Na minye nitakula nini?”