Mahali Alipo Philo

Watu wa kijiji chetu, huku magharibi mwa jimbo la New York, walisema wifi yangu Electa Hovey ana moyo mgumu. Mimi niliolewa na kaka yake, nikaishi naye nyumba moja, tukitenganishwa na ukuta wa mbao tu. Moyo wake haukuwa mgumu. Alikuwa amechoka.

Alipokuwa msichana mdogo, ndugu yake mchanga, Philo, aliugua kifaduro akafa kabla ya kubatizwa. Kanisani kwetu mtoto hubatizwa mzazi wake akiwa mshirika, na ili uwe mshirika husimama mbele ya wote ukaeleza jinsi Mungu alivyougeuza moyo wako, nao wakainua mikono kukukubali. Mama mkwe wangu, Zerviah, hakusimama kamwe. Alisema hana cha kueleza. Basi Philo akazikwa, mchungaji akakataa kusema yuko wapi, mbinguni au motoni, na lawama zikabaki kwa mama ingawa hakuna aliyezitamka.

Electa alilibeba swali hilo miaka yote. Alikwenda kwa Wamethodisti, kwenye mkutano wao wa msituni, akapiga magoti kwenye benchi la waombolezaji, la wanaolilia dhambi zao, huku wenzake wakilia na kugaragara.

"Ehe, umepata?" nilimuuliza aliporudi.

"Nimepata mafua, wifi."

Wabaptisti nao wakamsimamisha aeleze. Maneno yenyewe kila mtu aliyajua: giza, kisha nuru, kisha machozi. Hata mbumbumbu angeyasema. Yeye akasema, "Nimengoja sana. Sijasikia kitu moyoni. Miguu inaniuma."

Hakuna mkono ulioinuka. Nilitamani kumzaba kofi kwa aibu aliyotutia.

Majira ya baridi wakaja wahubiri wawili wa Kimormoni, dhehebu lililoanza juzi tu, na kitabu chao kipya. Mama mkwe akawapakulia uji mzito wa mahindi.

"Kuleni," alisema, "lakini mahubiri yenu yaacheni nje kwenye theluji."

Electa hakungoja hata wamalize. Akawauliza habari za Philo.

"Mtoto mdogo vile ana dhambi gani?" akajibu mmoja wao, kijana, mdomo umejaa. "Yuko kwa Mungu. Hakuhitaji maji."

"Na mimi? Lazima nieleze nilichosikia?"

"Amini, utubu, uingie majini. Basi."

Mama mkwe akaweka upawa chini akatoka. Tukajua amekasirika.

Wahubiri wakavunja barafu ya kijito kwa shoka ili wambatize. Majirani wakasimama ukingoni wakicheka: "Leo atasikia kitu huyo!" Electa akatoka midomo ikiwa ya buluu, akaenda nyumbani, akalala fofofo. Mama yake hakumsemesha tena hadi theluji ilipoyeyuka.

Asubuhi aliyoondoka kwenda Ohio na Wamormoni wenzake waliokuwa wakihamia huko, mama mkwe alitoka na jibini limefungwa kitambaani. Akalitupia kwenye gari la farasi, kisha akashika ubao wa gari.

"Yule kijana alisemaje juu ya Philo?"

"Yuko kwa Mungu, mama. Hakuhitaji maji."

"Sema tena."

Electa akasema tena. Mwenye gari akawagusa farasi, nao wakaanza kwenda, lakini mama mkwe hakuuachia ule ubao. Alitembea nao topeni mpaka darajani, mwanawe ameinama juu yake, akimwambia maneno yale tena na tena.