Namba ya Bunduki

Kila Jumatatu mzee mmoja kutoka Lokitaung huingia ofisini kwetu Lodwar kuulizia malipo yake, hutusalimu "ejok" mara moja, kisha huketi kwenye kigoda chake cha mbao. Viti vyetu vya plastiki havitaki. Mkono wake wa kulia hauondoki begani, pale mkanda wa bunduki ulipokaa miaka kumi na tisa, kabla kikosi chao cha polisi wa akiba hakijavunjwa. Leo Jebet, karani wa malipo, alimuuliza namba yake ya kazi. Akataja tarakimu sita bila kusita.

"Mzee, hiyo ni namba ya bunduki. Yako je?"

"Sina," akasema polepole. "Bunduki mliandika kwa kitabu, ndiyo maana mlikuja kuichukua. Mimi hamkuniandika."