Nilizaa Mimi, Akanenepa Mume Wangu

Jamani, nilizaa mimi, lakini aliyeota kitambi ni mume wangu.

Msicheke. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni fundi cherehani. Mwanangu wa kwanza alikuwa na wiki tano, na harusi ya mdogo wangu imebaki mwezi. Nikaapa: lile gauni langu la zamani nitaliingia, liwe lisiwe.

Kikwazo kilikuwa mama mkwe, aliyehamia kwetu kunisaidia. Kila mchana anatua na sahani: wali, maharage, samaki, mboga za majani, na yai juu.

"Kula mwanangu. Unakula kwa ajili ya wawili."

"Asante mama."

Akitoka tu, mume wangu huyo chumbani.

"Lete."

Dakika tano, sahani nyeupe! Mimi nabaki na chai ya rangi na ndizi moja.

Tukaenda kliniki. Mtoto kupimwa, kilo zimepanda vizuri. Mama mkwe akatamba foleni nzima: "Mapishi yangu hayo!"

Nikasimama nimpokee mwanangu kwa nesi. Chumba kikazunguka.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni. Bahati mtoto alikuwa bado mikononi mwa nesi.

Nesi akaniuliza: "Mama, unakula nini?"

"Nakula kila kitu."

Mume wangu, na mkono wake wa kushoto usionyooka, akainama kuninyanyua. Kifungo cha shati lake, pa! Kikaruka hadi kwenye mizani.

Mama mkwe akamtazama tumbo. Akanitazama mimi.

"Kumbe mzazi niliyekuwa namlisha ni wewe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nesi naye alicheka, kisha akakaa karibu yangu.

"Mwili wako haumnyimi mtoto. Usipokula, unachota kwenye akiba yako. Ndiyo maana yeye ananona, wewe unaanguka. Ila kuna vitu, kama vitamini A na baadhi ya vitamini B, ukivikosa wewe na maziwa yanapungukiwa. Na mizani hii haikuonyeshi hilo."

Nilidhani najinyima mimi peke yangu.

Njiani nikakata shauri: gauni nitalifumua, niongeze kitambaa. Nikawa nasubiri mama mkwe anigombeze.

Nyumbani akaleta sahani, akakaa kitandani pembeni yangu.

"Nilipomzaa huyu mumeo, na mimi nilijinyima. Nilitaka umbo langu lirudi. Nikaanguka naye kwenye ngazi. Ule mkono wake usionyooka hakuuvunja akicheza mpira utotoni, kama nilivyomwambia. Ni mimi."

Mume wangu alikuwa mlangoni. Akautazama mkono wake wa kushoto.

"Mama! Miaka yote najisifu kwa watu nilivunjikia golini!"

Mama mkwe akacheka huku machozi yanamtoka. Mwanawe akaja akamkumbatia kwa mkono huohuo.

Mimi nilikuwa nakula.

Wadogo zangu mnaonyonyesha, kuleni, tena mle vya aina aina. Na kama mnajinyima kwa siri, mwambieni mtu. Huenda anayewasumbua na sahani anajua asichowahi kukisema.