Bahari ya Aral kwenye ubao wa Butembo

Mpaka leo, nikimwona yule prefe mjini Butembo, navuka barabara ili nisimsalimu.

Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa jiografia. Mimi sina diploma ya chuo kikuu. Familia yetu ilikimbia vita kutoka kijijini kwetu Kalunguta kabla sijaanza masomo hayo, na jiografia nilijifunza peke yangu katika atlasi ya zamani ya Kifaransa isiyo na jalada. Prefe alikubali kunijaribu kwa somo moja tu, mbele ya darasa. Nikifaulu, kazi ni yangu. Mada aliyonipa ilikuwa Uzbekistani. Naamini aliichagua ili nianguke.

Nilinakili fishi, yaani andalio la somo, karibu wiki nzima. Kosa moja la wino, narudia ukurasa wote.

Asubuhi ile nilianza vizuri. Niliwaeleza wanafunzi kwamba nchi ile haifiki kwenye bahari kuu, na majirani zake wote vilevile. Kwamba misafara ya hariri ilipita Samarkand. Kwamba Warusi waliiteka, na baadaye Moscow ikaamuru pamba imwagiliwe jangwani kwa maji ya mito miwili, Amu Darya na Sir Darya. Kisha nikachora kwa chaki ya buluu mahali mito hiyo inapoishia: Bahari ya Aral. Nikachora ukingo, nikaufuta kwa kitambaa chenye maji, nikachora tena. Nikafuta tena.

“Madame, hiyo bahari itakauka mbele ya kuimaliza!” akasema msichana mmoja. Darasa likacheka.

“Ilishakauka, mademoiselle,” prefe akaniambia kutoka kiti cha nyuma. “Maji yote iliishia mu pamba. Donc sasa batoto banaandika uongo?”

Hapa nakiri jambo ambalo hata mama simwambii. Nilijua. Nilikuwa nimelisoma kwenye simu ya dada yangu. Lakini atlasi ilinionyesha ukingo wa zamani, ghuba kwa ghuba, na ukingo wa leo sikuupata popote. Mstari nisio na hakika nao mkono wangu haukubali kuuchora. Nikaona afadhali uongo uliochorwa vizuri.

“Futa,” prefe akasema. “Chora vile iko leo.”

“Sijue vizuri vile iko, Monsieur le Préfet.”

“Chora hata vibaya! Natafuta mwalimu, hapana mutu wa kupamba kitambaa.”

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu. Nilisimama na kile kitambaa, maji yakinidondokea viatuni. Ningeweza kuchora chochote. Alikuwa amenipa ruhusa ya kukosea, na hicho ndicho sikuweza kukipokea, hasa kutoka kwake.

“Basi, toka. Unapotezea batoto saa.”

Nilikuwa bado naokota karatasi zangu alipokuja mbele, akaninyang’anya kitambaa, akaifuta bahari yangu kwa mapigo mawili. Mahali pake akachora vidimbwi vitatu vilivyopinda kama viazi. Hakutazama kitabu chochote. Kimoja, nina hakika, alikiweka upande usio wake.

Wanafunzi wakainamia madaftari, wakanakili.